Tochi ndogo, bei kubwa: maswali ninayoulizwa kila mara

Kazi yangu ni kufunga kamera za usalama na kuvuta waya za intaneti katika majumba ya Nairobi. Siku nyingi niko darini, chini ya ngazi, au nimeingiza kichwa ndani ya kabati la mita. Mfukoni nina tochi inayozidi kidogo urefu wa kidole changu cha kati, na kila anayeiona huuliza bei. Nikimtajia, hucheka. Akishacheka huanza maswali, na maswali yenyewe huwa ni yale yale, kwa hiyo nimeyaweka hapa.

Simu yangu ina tochi. Ya nini kununua nyingine?

Hili ndilo la kwanza daima, na ni swali la haki. Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003 ikiwa na kijitaa kichwani, na simu za aina ile zikaja kuitwa mulika mwizi. Tangu hapo wengi wetu tumeona habari ya tochi imekwisha.

Kama unatafuta kiatu chini ya kitanda, simu inatosha, usipoteze pesa. Shida huanza pale unapohitaji mkono. Simu huwezi kuishika kwa meno ukiwa juu ya ngazi. Huwezi kuisoma na kumulika nayo mahali unapotaka kwa wakati mmoja. Mwanga wake umetawanyika, hatua chache mbele umekwisha nguvu. Na ukiitoa kichochoroni usiku ili uone njia, umewaonyesha wenye haja nayo mahali ilipo.

Halafu kuna chaji. Stima zikipotea, chaji ya simu ndiyo pesa yako, maana M-Pesa iko humo. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 nchi karibu nzima ilizimika, hata uwanja wa ndege wa JKIA ukaingia gizani. Kwenye ploti yetu watu waliwasha simu wakazisimamisha kwenye vikombe ziwe taa. Asubuhi jirani yangu alikuwa anazunguka milangoni akiomba kuchajiwa apate nauli.

Kwani giza la Nairobi ni la kila siku hadi mtu abebe tochi mfukoni?

Ni la kila siku. Tuko karibu na ikweta, jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, na giza likija halipigi hodi. Nusu saa baadaye ngazi za ghorofa nyingi hazionekani kwa sababu balbu ya ngazini iliungua na hakuna anayekubali kuwa zamu ya kuinunua ni yake. Stima kupotea ni nyongeza tu. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma kwenye kituo cha umeme cha Gitaru na nchi nzima ikakosa stima kwa saa kadhaa. Tumbili mwenyewe alipona. Siku hiyo ndipo nilianza kufikiria tochi kama kitu cha kuwa nacho mwilini, kama ufunguo.

Lumeni ngapi zinatosha?

Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye tochi, na ndiyo namba kubwa iliyochapishwa kwenye boksi, kwa sababu ndiyo inayouza. Ngoja niseme ninavyoitumia mimi. Kusoma namba ya mita au kutafuta tundu la kufuli: lumeni 5 hadi 20. Kupanda ngazi au kutembea kwenye njia ya mtaani: 50 hadi 100. Kuangalia darini au chini ya gari: 150 hadi 300. Kutaka kujua nini kimelia nyuma ya ua: 500 na zaidi, kwa sekunde kumi.

Jicho halihesabu kama kalkuleta. Ukizidisha lumeni mara mbili, jicho huona tofauti ndogo tu. Ili mwanga uonekane kama umeongezeka maradufu, unahitaji karibu mara nne. Kwa hiyo tochi ya lumeni 1000 na ya 800 ukiziweka ukutani hutazitofautisha, na usimlipe mtu kwa tofauti hiyo.

Mimi nikipewa tochi ya mtu niipime, huanza upande mwingine kabisa: nataka kuona mwanga wake wa chini.

Mwanga wa chini una umuhimu gani? Si ninanunua ili nione?

Saa tisa usiku umeamka, mtoto amelala kitanda hicho hicho, unataka kwenda chooni. Macho yamekwisha kuzoea giza, na kuzoea huko huchukua karibu nusu saa. Sasa bonyeza tochi ikuwakie kwa lumeni 300 kwenye ukuta mweupe wa chumba cha futi kumi. Mtoto ameamka, mama yake ameamka, na wewe umeona doa la kijani hadi ufike mlangoni.

Tochi iliyotengenezwa na watu wanaoitumia ina kiwango cha chini ya lumeni 1. Kwenye chumba chenye taa utafikiri haijawaka. Kwenye giza halisi inakuonyesha sakafu, ndala, na kona ya meza, basi. Kwa kiwango hicho betri moja hukaa siku nyingi mfululizo, na hilo si uongo wa matangazo, kwa sababu umeme unaotumika ni kidogo mno.

Pia angalia unavyokifikia. Kuna tochi ambazo ili upate mwanga wa chini ni lazima upitie mkubwa kwanza. Hizo ziache. Nzuri ni ile ambayo ukiwa umezima ukabonyeza na kushikilia kitufe, inaanzia chini moja kwa moja. Nikiwa na tochi mbili za bei moja, moja ina lumeni 1200 na chini yake huishia 30, nyingine ina 500 na chini yake ni nusu lumeni, nachukua ya pili bila kufikiria.

Boksi linasema lumeni 1000 na saa tatu. Ni kweli?

Inaweza kuwa kweli na bado ikakudanganya. Kampuni nyingi zinazojiheshimu hupima kwa kanuni iitwayo FL1, iliyotoka Marekani. Kwa kanuni hiyo lumeni hupimwa kati ya sekunde ya 30 na dakika ya 2 baada ya kuwasha. Muda wa betri huhesabiwa hadi mwanga ushuke ukawa asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Soma tena hiyo ya pili. Tochi inaweza kuwaka lumeni 1000 kwa dakika moja na nusu, ikashuka hadi 250, ikakaa hapo saa mbili, kisha ikajikokota hadi 100. Boksi litaandika lumeni 1000, saa tatu, na hakuna aliyevunja kanuni.

Kinachoishusha ni joto. Lumeni 1000 zinahitaji umeme wa karibu wati 10, na sehemu kubwa yake inageuka joto ndani ya chuma kisichozidi uzito wa yai. Bila kushuka, LED (kijitaa chenyewe) ingeungua au kiganja chako kingeungua. Kwa hiyo kushuka si ubovu. Unachotaka kujua ni inashuka hadi wapi na inakaa hapo muda gani. Kampuni nzuri huweka mchoro wa mwanga na dakika. Isiyouweka, jiulize kwa nini.

Umbali nao una mchezo wake. Kanuni husema umbali ni pale mwanga unapofifia hadi robo ya luksi (kipimo cha mwanga unaofika juu ya kitu), yaani kama mbalamwezi kamili. Hesabu yake ni rahisi: chukua kandela (ukali wa mwanga kuelekea upande mmoja), tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 2. Kandela 2,500 ni mita 100, kandela 10,000 ni mita 200. Lakini kwa mwanga wa mbalamwezi hutamtambua mtu uso. Mimi hugawa umbali wa boksi kwa tatu.

Na ile ya Sh300 pale stendi iliyoandikwa lumeni 50,000?

Hapana.

Tochi nzuri ni bei gani, na hizo pesa zinalipia nini?

Za vibandani ni kati ya Sh200 na Sh500. Hizi ninazozungumzia huanzia kama Sh4,000, na zikishapita Sh12,000 mara nyingi unalipia urembo.

Tofauti kubwa huioni kwa macho, iko kwenye saketi ndogo nyuma ya LED. Ya Sh300 haina cha kupanga umeme, hivyo hung'aa siku betri ni mpya na kufifia kidogo kidogo kila dakika hadi unaanza kulaumu macho yako. Ya bei hushikilia mwanga pale pale ulipouweka hadi betri ikaribie kwisha, halafu hushuka ngazi kwa ngazi, inakupa muda wa kufika nyumbani. Kingine ni jinsi LED ilivyoshikanishwa na mwili wa chuma ili joto litoke. Kingine ni ile sehemu ya kuzungusha ukifungua mkia: kwenye nzuri inazunguka kama kifuniko cha chupa ya dawa, laini bila kukwaruza, na ndani yake kuna mpira wa kuzuia maji.

Ukiniuliza majina: Fenix, Nitecore, Olight na Acebeam ni za Uchina na zinajulikana kwa kazi safi. Sofirn na Wurkkos nazo ni za huko huko, bei yao ni ya chini na kazi yao inaridhisha kuliko bei inavyoonyesha. SureFire ni ya Marekani, ghali. Maglite, ile nyeusi ndefu ya wazee, ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1979, na heshima yake ipo, ila ile haiingii mfukoni.

Ichukue betri gani?

Hapa usiharakishe, kwa sababu betri ndiyo utakayoishi nayo.

AAA hutengeneza tochi nyembamba kama kalamu, nzuri kwa mfuko wa shati, lakini nguvu iliyomo ni ndogo: ya kuchajiwa ina karibu wati-saa 0.9. Ya AA ya kuchajiwa ina kama 2.4. Kuna betri ya lithiamu iitwayo 14500, ukubwa ni ule ule wa AA, ina karibu wati-saa 3.3 na inaweza kusukuma umeme mwingi kwa mara moja. Juu ya hizo kuna 18650, kipenyo milimita 18 na urefu 65, yenye wati-saa 10 au 11. Hiyo ni nguvu ya kweli, lakini mfukoni unaisikia ukikaa kwenye matatu.

Mimi nilichagua tochi inayokubali zote mbili, 14500 na AA ya kawaida. Ikiwa na lithiamu inawaka kwa nguvu zake zote. Lithiamu ikiisha nikiwa Rongai usiku, naingia kioski chochote nanunua AA. Kiwanda cha Eveready cha Nakuru kilifungwa mwaka 2014, lakini betri AA bado hazijawahi kukosekana kioskini. Kwa AA tochi hupoteza nguvu nyingi za juu, lakini viwango vya chini hubaki, na ni hivyo ninavyovihitaji.

Onyo: tochi iliyoandikwa AA peke yake usiitie 14500. AA ni volti 1.5, na 14500 iliyojaa ni volti 4.2. Utaona mwanga mkali ajabu kwa muda mfupi, halafu basi. Na usiisahau 14500 kwenye droo watoto wakaitia kwenye rimoti.

Onyo la pili: betri za alkali za kawaida huvuja. Tochi yangu ya kwanza ya maana niliiacha kwenye begi miezi mitano na AA ndani. Nilipoifungua nilikuta unga mweupe umeota kama chumvi, na mkia ukawa haufunguki tena hata kwa koleo. Ukiitumia AA ya dharura, itoe ukifika nyumbani.

Nimeona 18650 ya mAh 9900 kwa bei ya chai. Ni nzuri?

Namba hiyo haipo. mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri hubeba, na za viwanda vinavyoaminika huwa kati ya mAh 2500 na 3500 hivi. Niliwahi kununua mbili za "9900" kwenye duka moja la katikati ya jiji. Nikazipeleka kwa mama wa mboga zikae kwenye mizani yake ya dijitali, kila moja ikasoma gramu 29. 18650 ya kweli ina gramu 45 hivi. Sikuzifungua nijue kilichomo ndani, ingawa mama alitaka tufungue.

Ni bora iwe ya kuchaji kwa USB?

Ni rahisi, na nyingi sasa huja hivyo. Jambo moja tu la kuangalia dukani: ijaribu kwa waya ulio na USB-C pande zote mbili. Tochi kadhaa za bei ya chini zina tundu la USB-C lakini zilinyimwa vipingamizi viwili vidogo vya kuiambia chaja kwamba kuna kitu cha kuchajiwa. Ukizichomeka kwenye chaja ya simu mpya hazichaji. Zinakubali tu ule waya wa zamani wenye kichwa kipana upande wa chaja. Haijaharibika, lakini utafikiri imeharibika.

Angalia pia kama betri inatoka. Iliyofungiwa ndani, betri ikichoka baada ya miaka michache, tochi nzima imechoka. Na kuna kampuni zinazotengeneza betri zao zenye chanya na hasi upande mmoja. Ikifa, huwezi kutia ya mtu mwingine.

Rangi ya mwanga si ni mbwembwe tu?

Nilidhani hivyo hadi nilipofunga waya wa mtandao kwenye dari moja kule South B. Ndani ya waya ule kuna nyuzi nane: za machungwa, kijani, bluu na kahawia, kila rangi na mwenzake mwenye mstari mweupe. Mpangilio ukikosea, intaneti haipiti. Kwa tochi niliyokuwa nayo wakati huo, wa machungwa na wa kahawia walikuwa mapacha. Nilibana kichwa cha waya mara tatu, mara tatu kikakataa, mwenye nyumba amesimama chini ananishikia ngazi na kuniuliza kama nina uhakika na kazi yangu. Mara ya nne niliteremka na waya hadi dirishani.

Sababu yake iko kwenye LED yenyewe. LED nyeupe kwa kweli ni LED ya bluu iliyofunikwa unga wa manjano, na macho huchanganya hizo mbili yakaona nyeupe. Ya bei rahisi ina bluu nyingi na nyekundu kidogo, na kahawia na machungwa hutofautishwa na huo wekundu. Kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi kwa ukweli kinaitwa CRI, jua likiwa 100. LED nyingi ni karibu 70. Tafuta 90 na zaidi. Zinazosifiwa sana ni za Nichia ya Japani, ambako Shuji Nakamura alitengeneza LED ya bluu yenye mwanga mkali, kazi iliyompa Nobel ya fizikia mwaka 2014 pamoja na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano. Utapoteza lumeni kadhaa, maana LED ya CRI kubwa haing'ai sana kama mwenzake. Lipa hiyo gharama.

Kuna na kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga wenyewe. 6500 ni nyeupe ya kuelekea bluu, kama ya duka la dawa. 3000 ni ya manjano kama balbu za zamani. Mimi natumia 4500 hivi. Hapo ni suala la macho ya mtu, sibishani na mtu.

Kitufe kiwe mkiani au ubavuni?

Mkiani huipata haraka gizani bila kuitazama. Ubavuni ni rahisi kubadilisha viwango, lakini hujiwasha mfukoni. Ya kwangu ya zamani ilijiwasha nikiwa kwenye matatu Thika Road, kiwango cha juu. Nilianza kuhisi paja linapata moto nikadhani ni injini. Kisha nikasikia harufu ya kitambaa. Suruali ile bado ninayo, ina duara la kahawia ukubwa wa shilingi kumi.

Tangu siku hiyo tochi yenye kitufe cha ubavuni huifunga: nalegeza mkia robo mzunguko. Kwenye tochi iliyopakwa vizuri sehemu ya kuzungusha haipitishi umeme, kwa hiyo ukilegeza kidogo tu, imekatika. Jaribu dukani. Isipozima ukilegeza, ujue hiyo njia haipo.

Kibanio na sumaku vina kazi?

Vina kazi kuliko lumeni 200 za ziada. Mita yetu iko chini ya ngazi, ndani ya kisanduku cha bati. Tokeni ina namba 20. Mkono wa kushoto umeshika simu yenye ujumbe, wa kulia unabonyeza. Tochi itakaa wapi? Yenye sumaku mkiani unaibandika kwenye bati lenyewe. Yenye kibanio cha pande mbili unaichomeka kwenye ukingo wa kofia na inamulika unapotazama. Isiyo na chochote utaishika kwa meno, na hapo utashukuru kama ni ndogo.

Sumaku ina ubaya wake: inaokota vumbi la chuma. Ukipita Kamukunji kwa mafundi wa jua kali nayo ikiwa wazi, itatoka na ndevu.

Ikinyeshewa?

Tafuta alama ya IPX, ya kuzuia maji. IPX4 huvumilia rasharasha. IPX7 huzama mita 1 kwa nusu saa. IPX8 ni zaidi ya hapo, na kampuni hutaja kina chake. Kwa masika ya Nairobi IPX7 inakutosha, hata ikidondoka kwenye dimbwi. Mradi mfuniko wa tundu la chaji umefungwa, kama upo.

Aluminiamu, shaba au titani?

Aluminiamu. Ni nyepesi, inatoa joto vizuri, na rangi yake ngumu huvumilia funguo. Shaba ni nzito na huacha harufu mkononi. Titani haipitishi joto vizuri, kwa hiyo mwanga hushuka mapema. Hizo mbili ni za wapenzi, na sina neno na wapenzi.

Dukani niipime vipi?

Tatizo la maduka ya Luthuli Avenue ni kwamba saa saba mchana kila tochi inaonekana mbovu, na kwa taa za duka kila tochi inaonekana sawa. Omba kuingia stoo au chini ya kaunta. Mimi nilipoomba mara ya kwanza mwenye duka alimtuma kijana aje akae nami, na sikumlaumu.

Ukiwa gizani, mulika ukuta mweupe kutoka nusu mita. Katikati kuwe na duara linalofifia pole pole kwenda pembeni, bila pete, bila doa jeusi, bila ukijani. Kisha washa kiwango cha chini, pitisha vidole haraka mbele ya mwanga. Ukiona vidole vingi vimekatika katika kama picha, taa inapepesa: inawashwa na kuzimwa kwa kasi ili ionekane hafifu. Wengine huumwa kichwa nayo. Kamera ya simu nayo itaonyesha mistari.

Itikise sikioni, isilie. Ifungue na kuifunga mkia mara tano. Mulika kiganja chako: kikionekana kama cha maiti, CRI ni ndogo. Mwishowe itie mfukoni, kaa, inama ufunge kamba ya kiatu. Ikikuchoma pajani dukani, kwenye matatu utaitoa na kuiacha nyumbani.

Ninunue hapa au niagize nje?

Ya dola 50, kwa dola ya takriban Sh130, ni Sh6,500 kabla ya usafiri. Ikifika kuna ushuru na VAT ya asilimia 16 na ada nyingine, na betri za lithiamu huifanya posta iwe na maswali. Hapa utalipa zaidi kidogo lakini unaishika kabla ya kutoa pesa. Kampuni kadhaa hutoa dhamana ya miaka 5. Muulize mwenye duka kama yeye ndiye ataipokea ikiharibika, au atakupa anwani ya Uchina.

Itanisaidia kujilinda?

Nitakuudhi. Tochi nyingi zina mwanga wa kumetameta kwa kasi unaouzwa kama silaha. Mimi sijawahi kuutumia kwa kusudi hilo, nimeuwasha kwa makosa tu, mara nyingi usoni mwangu. Tochi inakusaidia kuona kilicho kwenye kona kabla hujafika hapo, ukageuza njia. Ile yenye meno ya chuma kichwani itachana mfuko wako, na mlinzi wa mlangoni atakuuliza ni ya nini.

Inahitaji kuhudumiwa?

Mara mbili kwa mwaka. Futa sehemu ya kuzungusha kwa kitambaa kikavu na ncha za betri kwa pamba yenye spiriti, kisha paka mafuta ya silikoni kidogo kwenye mpira. Yale mafuta ya kujipaka mwilini yaache, kuna mipira inayovimba nayo. Ninaletewa tochi "zilizokufa" na nyingi hufufuka kwa pamba na spiriti pekee, maana zilikuwa chafu tu.

Naweza kusafiri nayo kwa ndege?

Ndiyo. Betri za lithiamu za akiba zikae kwenye begi la mkononi, kila moja kwenye kikasha chake. Hata bila ndege, usiitupe mfukoni pamoja na sarafu na funguo.

Tunataka kumnunulia soja wa ploti yetu. Tuchukue hii hii?

Hapana, yeye anahitaji ya 18650, kwa sababu zamu yake ni saa kumi na mbili na mfukoni hana haja ya wembamba. Sisi tulichanga mwaka jana tukamnunulia moja. Nilimwonyesha viwango vyote, nikamalizia na ule wa lumeni 1000, tukamulika tangi la maji la jengo la pili kwenye barabara ile, akasema hiyo sasa ndiyo tochi.

Wiki iliyofuata nilirudi kutoka kazini saa saba usiku. Mzee alikuwa kibandani mwake langoni, tochi ameisimamisha kwa mkia kando ya daftari la magari, kwenye kiwango cha chini kabisa, anaandika. Nilimuuliza mbona haweki ule mkubwa. Akasema huo ni wa mwenye gari anayekataa kusema anaenda nyumba gani.